Udongo Uliokataa Pombe

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Mvua bado. Mtama niliopanda kwenye vumbi, panya wameufukua wote.

Leo kaja Restuta, mjukuu wangu, anauza nafaka soko la Majengo, mjini. Shikamoo babu. Marahaba. Halafu hakuketi — nikajua kuna neno. Kapata mchumba. Khalidi, muuza alizeti, Mrangi wa Kondoa! Wazee wake wanakuja Jumapili.

Nikasema hapana. Sisi Wagogo wa hapahapa Mvumi, tumeota na mawe haya. Mtu wa kuja hajaingia kwetu. Ukoo naujua mimi, mpaka mwanafunzi wa chuo alikuja kunirekodi kwa simu!

Restuta kasema mimi nimezeeka kwa ubishi tu. Akalia. Basi nikamwambia, si mimi, marehemu Babu Matonya ataamua. Nitampelekea pombe kaburini. Akikubali, olewa.

Nilijua hatakubali. Namjua.

Jumatano, 4 Desemba

Zizi la zamani liko nyuma ya nyumba, halina ng'ombe siku nyingi. Tembe imebaki kuta. Babu Matonya kalala katikati. Tangu baba afe namwagia pombe mimi, mkubwa wa ukoo. Mchungaji wa kanisa anajua, anajifanya hajui.

Kwetu ukishamwaga unaondoka. Kugeuka mwiko. Maisha yangu yote sijageuka. Leo nimegeuka — nilitaka dalili.

Pombe iko juu! Imesimama juu ya vumbi kama iko kwenye sinia. Vumbi hili hili linalomeza ndoo nzima. Povu linapasuka polepole. Hakuna nzi hata mmoja.

Nikasema, Babu, kunywa.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Kutazama — kuta tu.

Sikukimbia. Nilitembea haraka.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimerudi. Mimi si mtu wa kutishwa. Pombe bado ipo, jua lote la jana halikuikausha. Nikamwaga maji ya kunywa, kaburi lile lile, pembeni kidogo. Yakazama kabla sijainua kibuyu. Nikaongeza. Yakazama tena. Kama mtu mwenye kiu anayepokea kwa mikono miwili.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimekwenda kwa shangazi Ruthu. Ni binti wa Babu Matonya, pekee aliyebaki. Sijaketi bado, kasema: Kumbe uligeuka.

Sijamwambia mtu!

Kasema baba yake hakuwa mnywaji. Alikuja kijana, njaa ile kubwa, katokea Kondoa, mifupa mitupu. Jina lake Abubakari. Alipofika mvua ikanyesha, ndiyo wenyeji wakamwita Matonya, yaani matone. Siku ya kufa aliomba alazwe ubavu wa kulia, uso kaskazini. Wakamlaza hivyo. Halafu mama yake Ruthu akawaziba watoto midomo, wasije kuitwa watu wa kuja wakanyang'anywa mashamba.

Nikamfokea, mbona hukuniambia?

"Lini uliniuliza, Bartolomayo? Wewe huulizi. Wewe unaeleza."

Nikauliza, na pombe yote ile niliyommiminia Mwislamu wa watu? Akacheka mpaka kikohozi. Halafu hakucheka tena. Kasema baba yake hana hasira, anataka kuitwa tu. Tangu mama yake Ruthu afe hakuna aliyemwita kwa jina lake.

Sitamwita mimi. Nikimwita nitaweka wapi uso wangu hapa Mvumi! Tunajua wawili tu. Jumapili nasema hapana, yaishe.

Jumapili, 8 Desemba

Wageni wamefika. Khalidi na wazee wake. Mkubwa wao anaitwa Mzee Athuman, kofia nyeupe, paji la uso kama la marehemu baba. Sikupenda. Nikamkaribisha pombe — kwa kusahau au kwa jeuri, sijui. Kasema asante ndugu yangu, maji yanatosha. Akanywa. Akakohoa.

Kikohozi kile kile cha zizini!

Nimeingia ndani, nimesema natafuta fimbo. Fimbo ninayo hapa. Naandika kwanza, ndipo nitoke. Hapana yangu iko tayari mdomoni, neno moja tu.

Shangazi Ruthu yuko nje nao. Nilimkanya asifungue kinywa. Sasa hivi kaita kwa sauti ya kitoto, kama anaita mtu aliye mbali: Abubakari! Baba Abubakari!

Nasikia viti vinasogezwa.

Restuta kaingia mbio. Kanikuta, kashika mlango. "Babu! Umerudi kupitia wapi?"

Nikamwambia sijatoka.

"Umeitika babu. Kule zizini. Sauti yako kabisa, umesema karibuni. Wageni wameshakwenda huko."

Nimemwambia nyamaza. Tunasikiliza. Nje naona viti vitupu, na matone mawili kwenye vumbi, matatu — hakuna wingu.

Mzee Athuman namsikia kule kaburini, anajibu kwa adabu, kama anamjibu mkubwa wake:

Waalaikumu salamu.

Restuta ananivuta mkono