Vidato Mia Mbili na Ishirini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umekupa likizo walau ya kuinama bustanini. Bibi naye hajambo? Mwambie redio yake nimeshaitengeneza na safari hii haitakoroma. Sisi huku tu wazima. Mimi nina afya na ile hamu ya kula unayoijua. Dada hajambo kuliko nilivyowahi kumwona, na ndiyo sababu nimekaa kitako kuandika, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote.

Unakumbuka siku aliyotoka hospitali. Pikipiki nilikuwa nikiiendesha mimi, lakini mimi nilitoka na mchubuko wa kiwiko, yeye akatoka na vyuma gotini. Ulinishika sikio pale mlangoni, mtu mzima na ndevu zangu, ukaniambia dada yako asishuke ngazi peke yake, mshike mkono. Nikakuapia. Miaka mitatu sijakosa hata siku moja. Hata kile kidato kimoja cha duka la dawa namshika. Mtaani wamenipachika jina la Mkongojo.

Basi mwanzoni mwa mwaka Dada akaniambia amejiandikisha mbio za milimani. Kilomita hamsini, vilima vitatu, kuanza saa kumi na mbili asubuhi, na ambaye hajafika kufikia saa kumi jioni anahesabiwa hakumaliza. Nilicheka, nikidhani ananitania. Akasema hatanii hata kidogo. Akasema tangu ajali ile kila anayekutana naye anamuuliza goti linaendeleaje, hakuna anayemuuliza yeye anaendeleaje, na amechoka kuwa goti. Aliniomba nisikwambie mpaka amalize. Nikakubali, na kwa hilo naomba unisamehe kwanza, kwa sababu yapo mengine yanayokuja.

Kazini kwetu unakujua. Mimi ni fundi wa lifti wa jengo zima, yeye anatengeneza meno bandia kwenye maabara ya ghorofa ya kumi na moja. Kutoka mapokezi mpaka mlangoni kwake ni vidato mia mbili na ishirini. Mwalimu mmoja mstaafu wa michezo, tunayemwita Filimbi kwa sababu anayo shingoni na hajawahi kuipuliza, alikubali kumfundisha. Akampangia vilima kila Jumamosi, na siku tatu katikati ya wiki apande ngazi za jengo saa kumi na moja jioni, ofisi zikishafungwa.

Mama, laiti ungemwona. Jioni ya kwanza alipanda mara mbili akakaa chini ghorofa ya sita, uso umemwiva, akaniambia nisithubutu kumletea kiti. Wiki iliyofuata akapanda mara tatu. Mwezi wa pili ulipokwisha alikuwa akipanda mara kumi, bado ana vumbi la plasta kwenye kucha, na penseli ya kazini nyuma ya sikio kwa ajili ya kuchora mstari ukutani kila akifika juu. Ghorofa ya nane aliipa jina la Gego, kwa jinsi inavyouma. Nilikuwa namsikia kutoka chini akiitukana Gego, halafu nasikia hatua zake zinaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Na kila alipofika juu alinikuta mimi, nimemfungulia mlango wa lifti. Anaingia, namshusha, anaanza upya. Niliona nimepiga ndege wote kwa jiwe moja: yeye anafanya mazoezi, goti linapumzika, na kiapo chako hakijavunjwa. Nilijisifu sana moyoni.

Wiki ya kumi Filimbi akatupeleka vilimani kwa jaribio la kilomita thelathini. Kupanda, Mama, Dada aliwapita vijana wenye raba za rangi zote za duniani. Filimbi alitikisa kichwa kwa furaha. Lakini kilima cha pili kilipoanza kuteremka, mapaja yakamgomea. Nilimwona kwa mbali akisimama, akishika mti, akishuka hatua mbili, akishika mti mwingine. Kipande cha mwisho alikishuka kwa makalio, kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza, ila mtoto huwa anacheka. Filimbi akamkanda mapaja na kumwambia kwamba goti lake halina neno, ni misuli ambayo haijafundishwa kushuka. Akamuuliza kwenye ngazi huwa anashukaje. Dada alinitazama kidogo, halafu akajibu kwamba huwa anashuka kwa kujivutavuta tu, uvivu wake mwenyewe. Alinifichia, Mama, na huku machozi yanamtoka kwa maumivu.

Filimbi akamwamuru kuanzia siku ile ashuke kwa miguu. Jumatatu jioni akapanda vizuri, akafika juu, akageuka. Akasimama kwenye kidato cha kwanza cha kushuka. Nilimwona alivyoshika reli kwa mikono miwili, mwanamke yule yule aliyekuwa ametoka kuitukana Gego muda huo huo. Hakuogopa goti. Aliogopa kushuka, na woga huo nilimfundisha mimi, kidogo kidogo, kwa miaka mitatu ya kumshika mkono. Mwishowe akabonyeza kitufe cha lifti. Nami nikamfungulia. Tulipofika chini akaniambia labda namba yake ya mbio ampe mtu mwingine.

Jumanne asubuhi lifti ikafa.

Sitakuchosha na lawama nilizopata. Wakili wa ghorofa ya tisa, yule mwenye kitambi, alinisalimia kwa kunung'unika kwa wiki sita nzima, ingawa mwishoni alilazimika kutoboa tundu jipya kwenye mkanda wake. Meneja alinipa barua ya onyo. Nilibeba maji, karatasi na mizigo ya kila mtu mpaka mabega yakaota sugu. Niliwaambia kifaa kimeagizwa mbali na kinachelewa.

Taabu kubwa ikawa ni wale wazee wanaokuja kupimwa meno. Hawawezi kupanda ghorofa kumi na moja. Basi Dada akaamua kuwashukia. Aliwakalisha kwenye chumba cha mlinzi, akawa anawaletea sampuli kwenye trei, anawapima hapo hapo, kisha anarudi juu kurekebisha. Na trei ya meno, Mama, haishikwi kwa mkono mmoja. Yanateleza. Siku ya kwanza nilikimbia kumshika kiwiko, akaniambia nikimgusa meno ya watu yatamwagika. Akashuka vidato vyote bila reli na bila mimi, taratibu, akihesabu kwa sauti. Alipofika chini uso ulikuwa umelowa jasho kuliko siku yoyote ya kupanda. Bibi mmoja aliyekuwa akingoja meno yake alimpigia makofi bila kujua anampongeza kwa lipi. Wiki ya tatu alikuwa anashuka mara nane kwa siku kabla hata mazoezi ya jioni hayajaanza. Wiki ya sita alishuka akipiga mluzi.

Mbio zilikuwa juzi, Jumamosi. Mimi nilingoja chini ya kilima cha tatu, pale mteremko unapoishia, mita mia tatu kabla ya kamba ya mwisho. Saa tisa na nusu hajaonekana. Saa kumi kasoro robo hajaonekana, na wanaoshuka wanashuka kwa kuchechemea, wengine wameshikana. Filimbi alikuwa ametia filimbi yake mdomoni na kuitafuna. Halafu nikamwona juu kabisa. Anakimbia. Si kwa kasi ya kutisha, lakini anakimbia, hatua fupi fupi, mikono imeachana na mwili, magoti yote mawili yanafanya kazi moja. Mimi bila kufikiri nikapanda mbele, nikatanua mikono nimdake, kama ulivyoniagiza. Alipofika hatua kumi kutoka kwangu akanipigia kelele nimpishe. Nikampisha. Akanipita, upepo wake ukanipiga usoni, akavuka kamba saa kumi kasoro dakika nne. Filimbi akapuliza, kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Nililia, sitaki kukuficha, na wala sikujifuta.

Sasa nisikilize, Mama, kabla hujaanza kufurahi. Lifti ile haikuwa mbovu. Niliitoa fyuzi yake mimi mwenyewe Jumanne ile asubuhi, nikaitia kwenye mfuko wa ovaroli, na wiki sita ilikuwa mfukoni mwangu wakati naapa kwamba kifaa kiko njiani. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia Dada ukweli, kwamba aliyemdhoofisha ni mimi na mapenzi yangu, na kwamba kila nikimwona pembeni ya ngazi mkono wangu utamfungulia mlango wenyewe. Nikaona bora niuondoe mlango. Nilikuapia nisimwachie mkono. Nimemwachia, kwa makusudi, na nimedanganya jengo zima ili niweze.

Nilimwambia palepale kwenye nyasi, akiwa amelala chali na nishani kifuani. Nilitegemea acheke au anikumbatie. Badala yake akaniuliza wale wazee waliokaa kwenye kiti cha mlinzi saa nzima nzima nimewafanya nini. Akasema yeye nimemsaidia, lakini haikufaa iwe kwa taabu ya watu wengine. Akaniagiza nikamwambie meneja kwa mdomo wangu, na nikamwombe radhi kila mzee nyumbani kwake. Hivyo ndivyo alivyo binti yako, Mama. Hata siku ya ushindi wake hakunipa njia ya mkato.

Nimekwenda leo. Meneja amenifutia likizo ya mwaka huu na kunipa onyo la mwisho. Wazee watano nimeshawaona, bado sita. Yule bibi aliyepiga makofi amenisamehe kwa tabasamu la meno mapya kabisa.

Nakuomba na wewe unisamehe, au ulishike tena sikio langu ukija, liko palepale. Filimbi anakusalimu. Wakili anakusalimu ingawa hakujui. Msalimie Bibi, na majirani wote wanaoniulizia.

Dada anakusalimu sana na nishani atakuletea. Asubuhi ya leo alikuja kazini miguu imekakamaa, anatembea kama ubao. Fyuzi nilikuwa nimeirudisha, lifti inafanya kazi, nikamfungulia mlango. Akaingia, akaegemea ukuta, akaniambia leo nimpandishe tu. Kushuka, amesema, atajua mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba