Kofia Imenipa Mitaa

Jumamosi, 3 Mei

Nimetoka kwa kinyozi sasa hivi, masikio bado yanavuma. Sikwenda kunyolewa. Nilikwenda kubishana.

Chama cha mbio za magari kimeleta habari: kalenda ya msimu ujao imebaki na raundi moja tu isiyo na mwenyeji. Viwanja vya kona nyingi vimeshapata sehemu yao, hakuna anayevigusa. Ugomvi ni hiyo raundi moja. Ama ibaki kwenye duara letu, uwanja wa kuzunguka tu, hapo nje kidogo ya mji, duara la mwisho kwenye kalenda nzima. Ama ihamie barabarani katikati ya mji, iongeze mbio za mitaani. Na chama kinasema kitafuata kauli ya klabu ya mashabiki wa hapa. Kauli yetu! Sisi ambao hatujawahi kukubaliana hata sukari ya chai!

Kinyozi ndiye mwenyekiti wetu. Alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, mashine imezimwa, anasikiliza. Muuza magodoro alisema duara ni upuuzi, gari linapinda kushoto mpaka dereva ashikwe na kizunguzungu. Mpishi wa hoteli akamjibu kwamba mbio za mitaani ni msafara wa harusi, kila mtu nyuma ya mwenzake, hakuna kuovateki, yamekosekana maua tu. Dereva mstaafu wa basi, mtu wa kona tangu ujana wake, akasema duara ni kasi, mtaa ni ujasiri, kona ni akili, na msimu usio na vyote vitatu ni stuli iliyokatwa mguu. Tulimpigia makofi, kisha tukaendelea kugombana. Yule mteja akauliza kwa upole kama atanyolewa na upande wa pili.

Mimi ni wa duara. Sababu yangu ni moja, na iko sebuleni inasikiliza redio.

Macho ya Mama yamebaki na mwanga na vivuli. Mimi fundi miwani, nasaga lenzi za mji mzima, na mama yangu mwenyewe sina lenzi ya kumpa. Mganga hajigangi. Lakini kwenye duara magari hayapotei. Yanakwenda na kurudi, na Mama anayafuata kwa sikio, kidole kiko hewani kinazunguka nayo. "Huyu anaachia mafuta mapema, mwoga huyu. Yule wa nyuma yake atampita sasa hivi." Na kweli anampita! Ndiyo siku pekee Mama haulizi mtu "kimetokea nini". Sisi ndio tunamuuliza yeye.

Duara likiondoka, siku hiyo inaondoka.


Jumatatu, 5 Mei

Balaa. Balaa tupu. Nacheka huku nataka kulia.

Leo ilikuwa siku ya kuchovya. Zamani kwenye klabu yetu kila msemaji alitetea anachokipenda, mpaka mwaka ule kiti kilipopaa na kutua kwenye kabati la vikombe. Tangu hapo wasemaji wawili wanachovya mkono ndani ya kofia ya zamani ya dereva wa mbio, na unatetea kile ambacho kofia imekupa, upende usipende. Kwa hiyo huwezi kumtukana mwenzako, maana anasema maneno yako. Anayezembea makusudi anaosha vikombe vya chai msimu mzima na hapewi tena nafasi ya kusema. Ukilalamika, wote wanakujibu kwa pamoja: "Kofia haibembelezwi!"

Watu wa duara wakanisukuma mbele mimi. Watu wa mitaa wakamsukuma shemeji yangu, mume wa dada, fundi wa lifti. Tunamwita Breki, kwa sababu akianza kusema hana.

Nikachovya. Nikafungua karatasi. MITAA.

Nilichosema hakiandikiki. Breki akafungua yake, akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Duara. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekatikiwa umeme kati ya ghorofa mbili. Ukumbi mzima ulicheka mpaka muuza magodoro, ambaye ukumbi uko juu ya duka lake, akapanda kuuliza kama dari liko salama.


Jumanne, 6 Mei

Nizembee? Vikombe si kitu, sabuni ninayo.

Siwezi. Najijua. Nikipewa kushindana na mtoto kumaliza uji, nitamshinda mtoto.

Nimemwambia Mama. Nilidhani atasikitika. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu akasema sikukuzaa uje kuzembea mbele za watu, nenda ukaseme, tena useme vizuri. Nikamuuliza, na wewe je? Akasema tuone kwanza utasema nini.


Alhamisi, 8 Mei

Kazini nilikuwa najisemesha. "Ndugu wanachama, mtaa..." Mtaa nini? Sikuwa na la kuendelea. Nikaweka lenzi ya kulia kwenye jicho la kushoto. Nimegundua kabla mwenyewe hajaja, Mungu anipe nini.

Mchana mlango ukafunguliwa, Breki huyo. Mabega yameshuka. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akatazama herufi za ukutani.

"Shemeji," akasema, "hebu niambie ukweli. Hilo duara lina nini?"

"Na wewe niambie, mtaa una nini?"

"Mtaa una kila kitu!"

"Duara lina kila kitu!"

Tukatazamana. Tukacheka. Tumepatana: yeye anipe mtaa wake, mimi nimpe duara langu. Sheria haikatazi. Jumapili asubuhi mtaani, mchana uwanjani. Mama alipopata habari akauliza yeye avae viatu gani. Hakualikwa! Lakini nani atamwambia?


Jumapili, 11 Mei

Siku nzuri. Nzuri mno. Naandika yote, hata mkono ukiuma.

Asubuhi na mapema barabara ya maduka ilikuwa tupu, milango ya chuma imeshushwa. Hapo ndipo mbio za mjini zitapita zikija. Tukamsimamisha Mama kando ya njia, mimi nimemshika kiwiko. Breki akachukua gari lake la kazini, lile lenye ngazi juu na bomba la moshi linalokohoa, akaja taratibu kutoka juu ya mtaa. Nia yake ilikuwa anionyeshe mimi mahali dereva atakapopita karibu na ukuta kiasi cha kuubusu. Mimi niliona gari bovu likipita. Mama akasema, "Hebu nyamaza."

Nilikuwa nimenyamaza.

"Mwambie arudie."

Breki akarudia. Mama akanyoosha mkono. "Hapo ukuta. Mrefu. Hapo pana uwazi, njia inaingia ndani... sasa bati... sasa ukuta tena, mfupi." Nikatazama. Benki. Uchochoro. Kibanda cha fundi viatu. Ukuta wa shule. Vyote mahali pake! Sauti ya gari ilikuwa inagonga kila kitu na kumrudishia Mama.

"Sijauona mtaa huu tangu macho yaanze," akasema. "Kumbe bado upo."

Breki alirudia mpaka mlinzi wa benki akaja kuuliza kama tuna shida. Mama akamjibu hatuna, tunatazama maduka.

Kwa hiyo hotuba ninayo. Nilikuwa nataka kuruka.

Mchana ikawa zamu yangu. Uwanjani vijana wa timu moja walikuwa wanajaribu magari mawili. Nikamkalisha Breki kwenye nafasi ya Mama, nikamfunga macho kwa mtandio wangu. Mwanzo alisema, kama kawaida yake. Kwamba anajisikia mjinga, kwamba mtandio una harufu ya vitunguu. Halafu magari yakashika kasi. Akanyamaza. Breki, akanyamaza! Baadaye kidole chake kikapanda chenyewe, kikaanza kuzunguka.

"Yule wa pili," akasema kwa sauti ndogo, "anamvizia. Anamvizia pale pale kila mzunguko. Mama, unamsikia?"

"Tangu mwanzo, mkwe wangu."

Alipofungua mtandio macho yalikuwa yamelowa. Akasema ni vitunguu.


Jumatano, 14 Mei

Dada amekuja kushtaki. Mbio zenyewe hazijui wala hazitaki, anashona mapazia yake kwa amani. Anasema mume wake amehamia kwenye duara akili na mwili. Analihubiri kwenye lifti. Juzi mpangaji mmoja wa ghorofa ya juu alipanda na kushuka, akapanda na kushuka, ili asikie mwisho wake. "Mmemfanya nini mume wangu?" Nikamwambia tumemfunga mtandio tu. Hakuona cha kuchekesha.

Ila mimi ndiye nimejipalia makaa. Kila jioni Mama ananiambia, nisemee hotuba yako. Nasema. Ananisahihisha: ukifika kwenye kibanda cha bati usikimbie, bati ndilo tamu. Leo kanisemesha tena na tena. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, hivi barazani kwa yule rafiki yangu fundi viatu panaingia viti vingapi?

Nimemwambia wazi: Mama, mitaa ikishinda duara halipo. Halipo kabisa. Hakuna tena kuketi na kuyafuata magari mpaka mwisho. Mtaani yanapita na kupotea, unasubiri. Unaelewa?

"Kula kwanza," akasema. "Wali unapoa."

Nimeogopa. Sikuwahi kufikiri ningeogopa kusema vizuri.


Ijumaa, 16 Mei

Kesho. Sketi nimepiga pasi. Maji nimeyavulia nguo.


Jumamosi, 17 Mei

Ukumbini. Shajara nimeiweka juu ya goti, nisije nikasahau neno. Ukumbi umejaa, wengine wako madirishani. Mama yuko kushoto kwangu, amevaa viatu vya sherehe. Breki yuko kulia kwangu, anakunywa maji ya nani sijui.

Nimeshasema! Nimemaliza! Nilianza vibaya, mpishi wa hoteli akakohoa kwa dharau. Kisha nikamwona Mama anatikisa kichwa taratibu, ananihesabia mwendo. Nikasema duara ni zuri lakini linaweza kuwa popote. Linazungushiwa ukuta, ndani ni lami na nyasi, ungelihamisha usiku hakuna ambaye angejua yuko mji gani. Mtaa hauhamishiki. Gari likipita mtaani kwetu linatamka benki yetu, uchochoro wetu, bati la fundi viatu wetu, mtu akifumba macho anajua yuko nyumbani. Kwenye bati sikukimbia. Halafu makofi! Muuza magodoro alipiga mluzi. Fundi viatu, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia.

Nilirudi kukaa nina furaha kama mwizi. Nimefurahi na nimeiba.

Breki alipanda. Nilidhani atasema mpaka kesho. Alisema maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema maishani. Kwamba mtaani mbio zinakupita. Kwamba kwenye duara hazikupiti, unakaa nazo tangu mwanzo mpaka mwisho, hufichwi kitu, hata mtu asiyeona hafichwi kitu. "Mimi nimeishi na mama mkwe wangu miaka yote hii nikimsimulia. Jumapili iliyopita yeye ndiye alinisimulia." Akasema msimu una mitaa mingi na duara moja, na anayekuongezea ulichonacho tele kwa kukuondolea kitu chako cha mwisho hakukupa, amekunyang'anya. Akashuka. Watu wa mitaa, watu wake mwenyewe, walipiga makofi wamesimama. Dada alikuja kumbe. Yuko nyuma, anapiga makofi na mkasi mkononi.

Mwenyekiti amefunga mlango. Kura. Kwetu ni kusimama na kuketi: wa duara wanasimama, wa mitaa wanakaa, kinyozi anapita benchi kwa benchi akigusa vichwa, ndiyo kazi yake.

"Wa duara, simameni!"

Breki amesimama kabla neno halijaisha. Mpishi amesimama. Dereva mstaafu amesimama, magoti yamelia. Hata muuza magodoro amesimama! Kinyume chake fundi viatu amekaa sakafuni kabisa, asije akahesabiwa vibaya. Watu wamechanganyika, sielewi upande upi mkubwa.

Mimi nimesimama. Bila shaka nimesimama. Nimesema vizuri, kofia imepata haki yake, sasa kura ni yangu na ni ya duara.

Mama amekaa.

Nimeinama nikamwambia sikioni, Mama, ni duara, simama. Akasema amesikia. Nikasema, basi simama. Akasema, "Umesema vizuri, mwanangu. Mimi nimekuamini. Wewe hujajiamini?"

Breki ameingilia, amemshika mkono, anambembeleza, Mama tafadhali, kiti chako kile, kidole chako kile. Mama anampapasa mkono na kumwambia asante, mkwe wangu, wewe pia umesema vizuri, lakini duara nimeshalijua, na mtaa ndio kwanza umerudi.

Benchi la nyuma wanacheka. Mtu amesema kwa sauti, "Kofia haibembelezwi!"

Naandika nimesimama, daftari kwenye mgongo wa Breki, mistari inapanda na kushuka. Kinyozi yuko benchi la mbele yetu, anagusa vichwa, midomo inahesabu. Mama ameshika sketi yangu. Anavuta. Ana nguvu, sikujua ana nguvu hivi. Nacheka, siwezi kuacha kucheka, machozi yananitoka, na sketi inashuka. Magoti yangu yameanza kukunjika kuelekea benchi