Kidude cha Gari Ndani ya Sufuria

Mama mpenzi,

Magunia ya bandarini yamenichosha, lakini mimi ni mzima. Gari kuukuu la rafiki yangu Shabani, litakalonileta harusini kwa dada Nyota, lilichemka kule Kinama. Fundi akachomoa kidude kinachofungua njia ya maji yakipata moto, akataka kukijaribu katika sufuria ya mama muuza ugali.

“Sufuria yangu si garaji.”

“Kinaoga tu, mama. Kikifunguka, ugonjwa uko mu moteri, ndani ya injini yenyewe, safari imekufa. Kikikataa, kibovu ni chenyewe.”

Tukainama wote, na yule mama pia, tukiomba kikatae. Maji yakatokota, kikabaki kimefumba mdomo kama mtoto aliyeonyeshwa dawa. Kimetupwa, maji sasa yanapita wazi, na tumefika hadi Kajaga, karibu na mpaka, bila gari kuchemka tena. Mwambie Nyota nitamsindikiza mimi, asimwombe mjomba. Nipikie sombe, yale majani ya muhogo unayoyatwanga mwenyewe.

Mwanao, Kasongo