Ile Buluu si Maji, Mjomba

Gerezani, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Zahoro,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na lile goti linakuruhusu kufika msikitini bila kushikwa mkono. Mwanao Shadya aliniambia baridi ya Dodoma mwaka huu haikuwa na adabu. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na kunung'unika vizuri, kwa hiyo ujue dada yako ni mzima. Ningeendelea na salamu, maana ndivyo mlivyotulea, lakini jirani yangu Blandina anaondoka na treni ya alasiri na ndiye atakayekuletea barua hii.

Nisikilize, Mjomba. Jumamosi usiweke dole gumba kwenye karatasi ya mauzo ya yule dalali Uledi. Ukishaweka, shamba limekwenda, na kosa litakuwa langu mimi.

Juzi nilipokupigia uliniambia, "Maji yakija hayapigi hodi, Najma," ukakata. Tangu hapo simu yako haipatikani. Sawa. Nakujua: mtu aliyefanya kazi reli miaka thelathini haamini sauti, anaamini kilichoandikwa. Basi nimekuandikia.

Kazi yangu unaijua. Ile mashine kubwa uliyoiona dukani ulipokuja kwenye msiba wa baba ndiyo inayochapa ramani, na wasanifu majengo wa mjini wengi huja kwangu. Mwezi uliopita akaja mmoja anaitwa Augustino, mtu mpole, mashine ya ofisini kwao imeharibika. Alileta rasimu ya upanuzi wa mji mkuu. Barabara, makazi, bustani, kila kitu na rangi yake, mpaka huko kijijini kwenu. Akanipa sharti moja tu: karatasi itakayoharibika nimrudishie, asiione mtu. Nikamwambia aondoe shaka.

Katikati ya kazi wino mwekundu ukaisha. Sasa, Mjomba, zambarau ni buluu iliyochanganywa na wekundu. Wekundu ukikosekana inabaki buluu peke yake. Karatasi mbili zilitoka hivyo kabla sijashtuka. Nikaweka wino mpya, nikachapa upya, nikamkabidhi mwenyewe kazi safi. Zile mbili mbovu nikampa Zamzam.

Zamzam ni yule anayekaanga bagia mlangoni kwangu. Mwaka wa saba huu karatasi zangu mbovu ndizo anazofungia. Mkono ulishazoea, ukaenda wenyewe. Sharti la watu sikulikumbuka hata kidogo. Sina la kujitetea: nilipewa amana, nikaifungia bagia.

Jumatatu akaingia Uledi, dalali wa Ilala, yule aliyewahi kumuuzia mtu fremu ya duka huku mpangaji yumo ndani anauza. Akanitandikia kwenye kaunta kipande cha karatasi kina doa la mafuta. "Dada Najma, nitolee kopi ya rangi, kisha uipige laminesheni. Hii ni dili."

Nikatazama. Jina la kijiji chenu lipo. Njia ya kwenda kisimani ipo. Na shamba lako lote, kuanzia nyumba mpaka kaburi la mkeo Bi Sitara, limelala ndani ya buluu. Nikamuuliza kaitoa wapi, akacheka, akasema Bongo hii hakuna siri.

Kipande chenyewe hakina ule ufunguo unaoeleza kila rangi maana yake. Huo sijui umekwenda na bagia za nani. Kwa hiyo mtu anasoma anavyojua yeye, kwamba buluu ni maji, kwamba serikali itachimba bwawa na wenye mashamba wauze kabla hayajazama. Uledi anunue kwa bei ya kutupa, halafu akae kungoja fidia yako. Nilimnyima kopi. Akaenda duka la pili, maana Kariakoo mashine ni nyingi. Siku ya pili Shadya ananipigia kwamba Uledi yuko sebuleni kwenu na karatasi inang'aa, na wewe umeshakubali.

Jana nikafunga duka, nikamfuata Augustino ofisini kwao, nikamweleza yote bila kuficha. Ningeshukuru kama angefoka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaniambia kazi zao zote hawataleta tena kwangu. Nikamjibu ni haki yake. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema nikuambie mambo matatu, na zaidi ya hayo nisiseme. Kwamba hapo hakuna bwawa. Kwamba hiyo ni rasimu, haijapitishwa, na mwezi ujao itabandikwa hadharani wananchi waione na waseme. Na la tatu nitalifikia.

Humo kwenye bahasha kuna vipande viwili vya karatasi. Vyote vimetoka kwenye mashine yangu asubuhi hii, kwa amri ile ile, kwamba ichape zambarau. Kimoja nimekichapa na wino mwekundu, kingine nimeutoa. Viweke kwenye mwanga, kisha mwite Uledi aweke karatasi yake pembeni. Macho yako bado mazima.

Sasa lile la tatu. Nimeshika kalamu muda mrefu hapa. Ningeweza kuishia hapo juu ukanishukuru, lakini ungekuja kulijua na ungenilaani. Buluu ilikuwa kosa langu, ila zambarau si kosa. Katika ile kazi safi, kwa mkono wa msanifu mwenyewe, zambarau imepita juu ya nyumba yako na juu ya kaburi la Bi Sitara. Ni rangi ya majengo. Majengo ya nini, nimekatazwa, na amana ya watu nimeshaivunja mara moja, sitaivunja tena hata kwa ajili yako.

Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba utazeekea hapo, Mjomba. Naumia kuliandika hili. Lakini katika hilo hilo la tatu Augustino alisema mstari uliochorwa unaweza kuhamishwa, na kwamba kwenye michoro yake kaburi hilo halipo, hakuna aliyemwambia kama lipo. Alipochora hakujua kama kuna mtu kalala pale. Mwenye shamba anaweza kusimama siku wananchi watakapoitwa kusema, akalisema mwenyewe. Uledi akiwa ndiye mwenye shamba, atasema nini juu ya Bi Sitara? Hakumjua.

Usikimbie maji ambayo hayapo. Ukinikasirikia una haki, nimestahili, na nikija Dodoma usinifungulie mlango kama hutaki. Ila nikasirikie ukiwa bado mwenye mlango.

Nisalimie sana Shadya na umwambie asante kwa kunipigia. Msalimie na jirani yako mama Leticia. Mama anakusalimu, ingawa haya mengine sijamwambia. Mwenyezi Mungu akupe afya na subira, na amrehemu Bi Sitara mahali alipolala.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukuogopa,

Najma