Nyungu ya Shangazi

Jumatano, Lizaboni

Nimemng'ata shangazi hadi damu, na sijutii kabisa.

Tangu tumzike binti yangu Neema sijalia. Basi shangazi kaamua kwamba machozi yameniganda kifuani na dawa yake ni kupiga nyungu. Leo katoka Mshangano na mfuko wa mwarobaini na mchaichai, akachemsha sufuria, akanifunika blanketi zito nijifukize. Nikamwambia nakosa pumzi, nataka kutoka. Akanikandamiza mabega.

"Tulia, mwanangu, dawa iingie!"

Ndipo nikamng'ata. Nikaipiga sufuria teke, nikabamiza stuli ukutani ikavunjika, nikapiga kelele nikimwita Neema mpaka majirani wakajaa mlangoni. Chozi halikutoka hata moja.

Mguu umeungua na maji ya moto. Lakini jioni nimekula ugali wote. Sikumbuki mara ya mwisho nilimaliza sahani lini.

Kinachonikera ni kwamba amefurahi! Anayasifu majani yake, na sufuria ameshaiosha kwa ajili ya kesho. Nimemwambia akithubutu nitamvunja mkono.

"Vunja," akasema, huku akijifunga kitambaa kidoleni. "Ila ulie."