Kuku wa Kwenye Picha

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkwe hawezi kuanza bila salamu.

Baada ya matanga tulimchukua Sinyori, paka wako, kutoka Kilambo. Rehema alikataa kumwacha. "Ndiye aliyebaki wa mama," alisema.

Wewe ulimchemshia dagaa, ukinusa kila fungu. Sisi tunashinda kazini, Rehema akifundisha shuleni, mimi bandarini. Nikanunua chakula cha pakiti. Mbele kuna picha ya kuku amenona, ameiva vizuri. Sinyori akala. Haukupita muda akaanza kutapika uji wa rangi ya chungwa, mama, rangi ambayo haijawahi kutoka kwa kuku yeyote. Akatapikia kanga yako. Rehema akaikumbatia hivyohivyo, ikinuka, akalia.

Ndipo nikaigeuza pakiti. Maandishi madogo kama mayai ya chawa. Kwanza mahindi. Halafu ngano. Halafu "mabaki ya wanyama". Mnyama gani? Hawasemi. Sukari. Rangi. Kuku yuko mwisho kabisa, nyuma ya chumvi! Na juu ya tarehe wamebandika karatasi. Nikaibandua kwa ukucha: chakula kilishapitwa na muda zamani.

Nikakirudisha. Mwenye duka akacheka: "Bosi, kwani paka anajua kusoma?" Nikammwagia pakiti nzima juu ya meza yake, nikamwambia aonje. Akageuza uso, akaziba pua. Mtu anauza asichoweza hata kukinusa!

Daktari wa mifugo akatuelekeza: kinachotajwa kwanza ndicho kingi, kwa hiyo kiwe nyama au samaki wa kujulikana. Pakiti iseme ni chakula kamili. Rangi na sukari, paka havimsaidii kitu.

Jumamosi Rehema akasimama kwenye duka jingine, akisoma pakiti mojamoja kwa sauti, wateja wamekodoa macho. "Mafuta ya nini haya? Hawasemi. Rudisha." Akasonya, ule msonyo wako wa sokoni, mrefu, wa kumkausha mtu jasho. Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Akanitazama, naye akacheka mpaka akashika rafu. Mama, hakuwa amecheka tangu tukuzike.

Tulipata ya samaki. Sinyori hatapiki tena, na manyoya yameanza kung'aa.

Basi pumzika, mama. Hatalishwa uchafu nyumbani kwangu. Na binti yako, siku akilia, hatalia peke yake.

Mkweo,
Gervas