Nyumba ya Kufunguliwa

Jumamosi, mwezi wa saba. Upepo wa Makambako haujatulia tangu asubuhi. Mimi nimetulia kidogo.

Huu ni mwaka wa pili tangu mume wangu afariki. Nyumba yetu kule kijijini Yakobi ilikuwa ya tofali, kwenye kiwanja cha ukoo wao. Akirudi jioni alikuwa akiupigapiga ukuta kwa kiganja, kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake. Shemeji zangu hawakunifukuza. Walihitaji mahali pao tu, nami nikatoka na masanduku mawili.

Tofali lililoshikwa na saruji halibebeki.

Sasa kaka yangu ameniazima kipande cha kiwanja hapa. Ameniazima, hajanipa. Ndiyo maana Neema, mtoto wa dada yangu aliyesomea uchoraji wa majengo, amenitengenezea kwenye kompyuta nyumba ya mbao ya kufunguliwa vipande vipande na kuhamishwa. Kila ubao una namba. Ukiubonyeza, unakuonyesha urefu wake, bolti zinazoushika, na utakuwa wa ngapi kutolewa siku ya kuhama.

Leo alinionyesha inavyofunguliwa. Kwenye skrini yakaondoka mabati, kenchi za paa, kuta, nguzo.

Nikalia. Sijajenga hata chumba kimoja, na tayari nimekiona kikiondoka.

Fundi Kaleb, anayeanza kazi Jumatatu, akatikisa kichwa. "Mama, hii nyumba au hema? Tupige misumari na gundi. Upepo huu utaipeleka Mafinga."

"Bolti inashika kuliko msumari wako," Neema akamjibu. "Na msumari ukiung'oa, ubao unapasuka."

"Nani anang'oa? Nyumba ya mtu haing'olewi!"

Wakanitazama mimi.

Nilitamani kumkubalia fundi. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka siku nilipomkabidhi shemeji funguo.

Nikamwomba Neema aifungue tena, polepole. Safari hii sikulia. Mbao zilishuka moja moja, zikajipanga pembeni, nzima zote.

"Bolti, fundi," nikasema.

"Haya, mama. Ila ukihama, mimi ndiye nitakayeifungua. Nisisikie umeita fundi wa Igwachanya!"

Tulicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka na watu.

Najiuliza kama mtu anaweza kupapenda mahali anapojua ataondoka. Jumatatu tunachimba mashimo ya nguzo. Nitaanza kujua.